Koti la Mtungi

Watu wakija kununua koti kwangu huangalia kola, hugeuza mifuko, wengine hunusa makwapa wakidhani siwaoni. Yeye alilikumbatia. Alichukua koti zito la sufu, la rangi ya kahawia, akalifunga vifungo vyote likiwa bado kwenye hanga, kisha akalizungushia mikono na kusimama hivyo katikati ya Soko la Toi, akipima.

"Mama, mwenyewe ana mwili gani?" nikamuuliza.

"Mnene. Hana shingo," akasema. "Na mikono usijali, haitumii."

Nilidhani ni mgonjwa, nikamwonea huruma na kumtafutia lenye bitana nzima. Kumbe tulikuwa tunaishi ploti moja Kambi Muru, kule Kibera, mimi nikiwa nimehamia juzijuzi. Jioni moja niliingia kwake kuomba kiberiti, nikalikuta koti langu kwenye kona. Lilikuwa limevaliwa na mtungi wa kegi, ule wa chuma ambao baa huletewa bia ndani yake, na juu yake kofia ya sufu imevutwa mpaka karibu na kola.

Jina lake ninalijua, lakini pale Kambi Muru halikutumika. Wateja walimwita Mathe, mimi nilimwita Mama, na yeye aliniita Wewe wa Makoti. Hapa nitamwita jirani. Namwandika kwa sababu kuna swali moja limemla mpaka amebaki mifupa, na mtu pekee anayeweza kumjibu ni mumewe, ambaye hawezi kusema. Nitalifikia swali lenyewe. Kwanza lazima mwelewe habari ya mtungi, maana yote yalianzia hapo.

Jirani alikuwa mpika busaa, pombe ya nafaka inayopikwa kwa kujificha askari. Kwao, magharibi, alijifunza kuipika kwenye chungu, na chungu kimoja alikuja nacho Nairobi amekipakata kama mtoto. Kilivunjika siku nyumba za kando ya barabara zilipobomolewa na watu wakahama mbiombio. Alikusanya vigae, akavitazama, akavitupa. Chungu kingine cha ukubwa ule hakupata. Alichopata ni mtungi, kutoka kwa mtu wa vyuma vikuukuu, umebonyea ubavuni, wa baa fulani iliyofunga milango. Fundi wa kuchomelea alifungua vali kwanza, gesi iliyobaki ikatoka ikizomea, ndipo akaukata kichwa kwa grainda na kulainisha kingo. Jirani aliusugua kwa majivu na maji ya moto, akaurudia tena na tena, kwa sababu alisema unanuka pombe ya watu wengine.

Hakuupenda. Chungu hukaa na joto lake, alisema, lakini chuma kikiguswa na baridi kinatoa roho ya pombe. Na Nairobi mwezi wa saba ina baridi ya kutosha. Alichachisha unga wa mahindi, akaukaanga kwenye bati mpaka ukawa hudhurungi na sisi majirani tukakohoa, akauchanganya na maji na kimera cha wimbi, akamimina mtungini. Halafu hakuna kitu. Busaa ililala tu, haikutoa hata povu. Ndipo akaja Toi kutafuta koti. Koti lilikuwa na kazi mbili: kuleta joto, na kufunika maandishi ya Kiingereza yaliyochongwa begani mwa mtungi kusema ni mali ya kampuni. Fundi alikuwa amejitolea kuyasaga yafutike, jirani akamkataza. Alisema mtungi umeshapoteza kichwa, usipoteze na jina.

Sasa, mtungi ulivyopata jina la Mzee.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Mnubi, mtu mzima wa heshima zake, kanzu safi hata wakati wa matope. Alikuwa na macho mabovu na alikataa kukubali. Hakuwahi kuingia vyumba vya wapangaji. Alisimama mlangoni, akageuza uso pembeni, akasema shida yake. Siku moja alisimama kwa jirani, akachungulia gizani, akaona kitu kimekaa kwenye kona kimevaa koti na kofia.

"Asalaam aleikum, Mzee," akasema.

Mtungi ukanyamaza. Jirani, na hofu yake, akasema kitu cha kwanza kilichomjia. "Mzee amelala."

"Akiamka msalimie," mwenye nyumba akasema, akaenda zake. Toka siku hiyo alikuwa akitusimanga sisi wengine kwamba mpangaji wa mlango wa mwisho ana mume mtulivu, hana kelele, halewi. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, na jina likabaki. Mtungi ukawa Mzee. Busaa ikiwa imemiminwa upya, Mzee amelala. Ikianza kutoa mapovu na kunguruma, Mzee anakoroma, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili njema kuliko zote. Ikiwa tayari kunywewa, Mzee ameamka. Askari hata asimame hapo hapo akisikiliza, angesikia watu wenye adabu wanaulizia hali ya mzee wao.

"Mathe, niaje. Mzee ameamka?" vijana wa mjengo waliuliza wakipita.

"Bado," alijibu. "Ngojeni."

Na walingoja. Alikuwa na namna ya kusema ngojeni ambayo ilimfanya mtu aone aibu kuwa na haraka.

Kitu kingine kuhusu yeye ni uchovu. Ukimuuliza habari, hakusema nzuri. Alisema, "Nimechoka, na wewe?" halafu akangoja kweli umjibu. Mtu akisema yuko poa tu, alimtazama kama mtu anayeficha ugonjwa. Mwanzoni iliniudhi. Mimi nimelelewa kusema nzuri hata nikiwa na homa. Baada ya muda nikaona ni nafuu. Natoka Toi jioni, miguu imevimba, mvua imeninyeshea makoti, nafika kwenye ploti mtu ananiambia amechoka, nami namwambia nimechoka, na hapo tumemaliza, hakuna uongo uliopita kati yetu. Kuna siku hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Hakumpa mtu busaa kabla hajamhoji kuhusu chakula.

"Umekula?"

"Nimekula, Mathe."

"Nimeuliza umekula nini."

Kijana akibabaika, anapewa sahani ya ugali na sukuma kwanza, na lazima aimalize mbele yake. Yeye mwenyewe hakunywa. Alionja kwa kijiko, akatema, akafikiri. Jumapili alivaa nguo nyeupe za akina mama wa kanisa, kitambaa kichwani kimepigwa pasi, na kwenye maombi alisimama kuombea walevi wa Kambi Muru mmoja mmoja, kwa majina. Nilimchokoza siku moja kwamba wote aliowataja ni wateja wake.

"Sasa nani mwingine anajua majina yao?" akasema.

Mumewe hasa, yule wa damu na nyama, aliishi Kawangware. Hawakuwa wamekosana. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye geti upande ule, na kutembea kutoka Kibera kulimshinda, kwa hiyo alichukua chumba kwenye ploti moja na binti yao na mume wa binti. Jirani alipenda kusema kwamba chumba cha Kambi Muru hakikutosha wazee wawili, ikabidi mmoja ahame. Kisha wateja wa Kawangware nao wakataka busaa, akatafuta mtungi wa pili, akauweka kwenye chumba cha mumewe. Huo nao nikauuzia koti, la kijivu. Mume akalala mchana upande huu wa chumba, mtungi ukalala upande ule.

Alikuwa mtu wa maneno machache mno. Jumapili alikuja Kibera, akakaa kwenye stuli kando ya mtungi, na koti lake la ulinzi hakulivua. Wateja walifurahi kupita kiasi: Mzee amekuja kumwona Mzee. Yeye alitazama ukuta. Lakini kijana akichungulia na kuuliza kama Mzee ameamka, kabla mkewe hajafungua mdomo yeye alijibu, uso mkavu kabisa, "Bado." Ndio utani pekee niliowahi kuusikia kwake. Kila Jumapili ule ule, na kila Jumapili mkewe aligeuka kuelekea jiko ili tusimwone anavyocheka.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuuita mtungi Mzee. Huyo ni mkwe, mume wa binti. Kwao mkwe hamzoei mama mkwe. Hakai naye karibu, hamtazami usoni, hambishii. Kijana huyu alikuwa na adabu hiyo mpaka inachosha. Akizungumza na jirani kwenye simu alisimama na kuvua kofia, binti alituambia. Na kwake kuita chombo cha pombe jina la baba mkwe lilikuwa tusi. Alisema mtungi. Mtungi umelala, mtungi umeamka. Tulimcheka kwa hilo pia.

Sasa nimefika.

Ilikuwa mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, asubuhi yenye ukungu ambao haukuondoka. Nilikuwa sijaenda sokoni. Nilikuwa kwa jirani, tumeinama juu ya bati, yeye anageuza unga kwa mwiko na mimi nasukuma kuni, macho yanatutoka machozi kwa moshi. Siku mbili kabla alikuwa amemimina busaa kwenye mtungi wa Kawangware, na wasiwasi wake wote ulikuwa kule, kwamba baridi itaiharibu. Simu ikalia. Alikuwa mkwe. Jirani aliishika simu kwa bega na sikio, mwiko haukusimama. Ya upande wake niliyasikia mwenyewe; ya upande ule alinieleza baadaye, na amenieleza mara nyingi kiasi kwamba sasa nayajua kwa moyo.

"Mama, Mzee haamki."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Nimejaribu."

"Ni hii baridi. Mwongezee blanketi, umsogeze karibu na jiko."

"Anakoroma, Mama."

"Anakoroma?" Jirani akatabasamu, nilimwona. "Basi huyo yuko sawa. Mwache akorome. Usimsumbue hadi jioni."

"Sawa, Mama."

Akakata simu, akaniambia, "Mzee wa Kawangware anakoroma." Tukaendelea kukaanga.

Kijana alifanya alivyoambiwa. Alimfunika baba mkwe wake blanketi la pili, akavuta kitanda karibu na jiko, akakaa nje mlangoni kumlinda asisumbuliwe. Ninapofikiria sehemu hiyo, kijana ameketi pale na kofia mkononi, akizuia watoto wasipige kelele, naumia. Alidhani mama mkwe anajua ugonjwa huo na dawa yake. Hata kama alikuwa na shaka, nani amemfundisha kumbishia?

Binti alirudi jioni kutoka kibarua chake cha kufua nguo. Yeye ndiye aliyepiga simu ya pili, nasi tukiwa bado kwenye bati. Hakusema Mzee. Alisema, "Mama, ni Baba," na nikamwona jirani akiweka mwiko chini polepole sana, kisha akakaa sakafuni pale pale kwenye unga.

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na sauti ikaenda. Hospitalini walisema angefikishwa mapema pengine hali ingekuwa nyingine. Pengine. Neno hilo wanalisema kwa wepesi kisha wanaita mgonjwa anayefuata.

Jirani aliacha Kambi Muru. Aliondoka na godoro, nguo nyeupe za kanisa na sufuria zake. Mtungi aliuacha, umevaa koti lake, na mwenye nyumba alipokuja kuangalia chumba akaambiwa na majirani ukweli wote. Kisha akauliza, "Na yule mume wa kweli, anaendeleaje?" Alimtumia salamu, na kila Ijumaa akirudi msikitini aliniuliza kama zilifika.

Nilienda Kawangware mara kadhaa. Hapo ndipo aliponiambia kilichokuwa kinamla. Halikuwa kosa lenyewe. Kosa alilijua, na alijilaumu kwa kitu kidogo sana, kwamba alisahau yule kijana hajawahi kutania maishani mwake. "Aliposema Mzee, ningejua ni Mzee," alisema. Kilichomla ni simu. Simu ya mkwe ilikuwa mbovu, ilisikika kwa spika tu, na alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"Alinisikia," alisema. "Alikuwa amelala hapo, hawezi kusogea, akasikia mke wake anasema mwache akorome."

"Mama, labda alikuwa amezimia."

"Labda. Na labda alisikia. Nani ataniambia?"

"Mweleze. Mwambie ulidhani ni mtungi."

"Nimemweleza. Ananitazama tu." Aliufuta uso kwa kanga. "Mkwe naye hajanilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu."

Binti hakuambiwa. Kati ya watu wote niliambiwa mimi, na sijui kwa nini, labda kwa sababu nilizoea kumjibu kwamba nimechoka.

Aliacha kupika. Mtungi wa Kawangware aliuvua koti, akausugua, akauweka mlangoni kuhifadhi maji, maana mifereji ya maji kule hufunguliwa siku fulani tu. Kikombe cha plastiki kilining'inia ukingoni kwa kamba. Wateja wachache walikuja, wakaona maji, wakaelewa. Naye hakutaka kusikia neno Mzee. Mumewe alianza kumwita Baba, kama mtoto anavyomwita mzazi.

Juzi alinipigia simu. "Wewe wa Makoti, niletee koti," akasema. "La mtu."

Nilimchagulia la sufu, jeusi, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo. Nilimkuta amemkalisha mumewe kitandani, pale kwenye kona, mito miwili mgongoni. Alikuwa amepungua sana, mwanamume yule, na jicho moja limeshuka. Jirani naye alikuwa na macho ya mtu ambaye usingizi wake ni wa kuvizia. Alilipokea koti bila kuangalia kola wala mifuko. Alilifunga vifungo, akalizungushia mikono, akasimama nalo.

"Ni kubwa," akasema. "Hamkuona nyinyi, lakini nusu yake imeenda."

Tulimvisha hivyo hivyo. Ulianza mkono wa kulia, ule uliokufa, nami nikaupitisha kwenye mkono wa koti kidole kwa kidole. "Huo usijali," jirani akasema, "hautumii." Kisha tukatazamana, kwa sababu wote wawili tulikumbuka alisema hivyo lini kwa mara ya kwanza.

Ndipo kijana akachungulia mlangoni. Alikuwa mmoja wa wateja wa zamani, fundi wa mawe, na nadhani alikuwa ametoka kazini mbali na hakuwa na habari. Aliona koti kwenye kona, akacheka.

"Mathe, niaje. Kitambo. Mzee ameamka?"

Jirani aligeuka kama mtu aliyechomwa. Alifungua mdomo kumfukuza.

"Bado," ikasema sauti.

Ilikuwa nzito, imepinda, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Ilitoka kitandani. Tangu mwezi wa saba alikuwa hajatamka neno hata moja.

"Sawa, Mzee, tutarudi," kijana akasema bila kujua alichofanya, akaenda zake.

Jirani alimkaribia mumewe.

"Ulinisikia?" akamuuliza. "Siku ile, kwa simu. Ulinisikia?"

Alimtazama kwa jicho lake zima. Midomo ilihangaika kwa muda mrefu. "Bado."

Sikujua kama ni utani wake wa Jumapili umerudi au ni neno pekee lililobaki mle ndani. Jirani naye hakujua. Niliona usoni mwake. Akauliza tena.

"Umenisamehe?"

"Bado."

Akaanza kucheka. Hakugeukia jiko safari hii. Alicheka akimtazama, na machozi yakamshuka hadi kidevuni na hakuyafuta. Kisha akakaa kitandani kando yake, polepole, kama mtu aliyefika mwisho wa safari ya miguu, akamfunga kile kifungo cha juu cha koti.

"Sawa," akasema. "Mimi nangoja."